Mpe Hamali Mzigo, Usimpe Funguo

Toleo hili nimeomba nafasi ya kusema jambo la kompyuta, na najua wapo ambao mshaanza kutafuta ukurasa wa vichekesho. Hebu subirini kidogo. Jambo lenyewe lilimpatia ndugu yangu barua ya onyo kazini kwa kosa ambalo hakulifanya, na mie niliyejiona fundi ndiye niliyemzidishia hasara. Kwa hiyo hii ni makala ya maoni, na hapo hapo ni makala ya kuomba radhi.

Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024. Mikonga miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kutambaa. Sie huku tulijua pale ujumbe wa nyumbani ulipoanza kukawia. Kila tukikaa jioni na chai ya karak nje ya mgahawa, mazungumzo ni hayo hayo: huyu hajapata picha za harusi, yule mama yake hasikiki kwenye simu.

Sasa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafundisha kompyuta kwenye skuli moja ya sekondari huko Unguja. Kazi yake nyingine ni kupeleka majina, alama na picha za wanafunzi kwa njia ya mtandao kabla ya tarehe ya mwisho. Chumba chake kina kompyuta moja kuukuu ya msaada, inayotumia Linux, na ndiyo yenye faili zote. Akibonyeza kutuma, mstari wa kuonyesha maendeleo unasogea kidogo halafu unasimama kama punda aliyegoma. Wiki ya kwanza kila mtu alisema "mkonga". Wiki zikapita, intaneti ikarudi, skuli za jirani zikatuma zao, yeye bado. Mwalimu mkuu akaona ni uzembe. Barua ikaandikwa.

Akanipigia simu usiku wa Alkhamisi. "Mdogo wangu, wewe si unasomea mambo haya huko? Nisaidie, naaibika."

Nikamuuliza, "Kaka, ping inakwenda?" Inakwenda. "Tovuti zinafunguka?" Zinafunguka vizuri tu. "Barua pepe?" Ndogo zinakwenda, zenye kiambatisho haziendi. Akaongeza jambo ambalo laiti ningelisikiliza: simu yake ya mkononi, kwa intaneti ile ile ya skuli, inatuma picha bila tatizo. Mie nikampita juu kwa juu. Nikamwambia arekodi pakiti kwa tcpdump aniletee faili. Alipoileta nikaona maajabu: pakiti za baiti elfu kadhaa, nyingine zinakaribia 64,000, na hesabu zao za kuhakiki zote zimeandikwa kuwa si sahihi. Nikatoa hukumu papo hapo: waya mbovu, na swichi nayo mbovu. Maskini akatoa shilingi 85,000 za mfukoni, akanunua waya mpya na swichi mpya. Hali ikabaki vile vile.

Kwani 1500 imetoka wapi?

Ili mjue nilikosea wapi, turudi nyuma kidogo. Waya wa mtandao tunaotumia maofisini na maabara, Ethernet, chanzo chake ni Xerox PARC kule California mwaka 1973, kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Mwaka 1980 makampuni matatu, Digital, Intel na Xerox, yakatoa kiwango cha pamoja: mwendo wa biti milioni 10 kwa sekunde, na kila furushi moja lisibebe zaidi ya baiti 1500. Wakati ule kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na waya mmoja uligawanywa na watu wengi, kwa hiyo haikufaa mtu mmoja aushikilie muda mrefu.

Mwendo ukapanda. Mwaka 1998 ukaja wa bilioni 1, mwaka 2002 ukaja wa bilioni 10, na leo kuna zaidi ya hapo mara nyingi. Lakini zile baiti 1500 zimebaki pale pale kwenye intaneti, kwa sababu ukitaka kuzibadilisha lazima dunia nzima ikubali siku moja. Matokeo yake ni haya. Kwa mwendo wa milioni 10, waya ukijaa unapitisha kama pakiti 812 kubwa kwa sekunde. Kwa bilioni 1, zinakuwa kama 81,000. Kwa bilioni 10 ni kama 812,000, yaani prosesa ina muda wa mikrosekunde 1.2 tu kushughulikia kila pakiti. Na kila pakiti ina mambo yake: itengewe kumbukumbu, iandikiwe anwani, ipigiwe hesabu ya kuhakiki, ipite kwenye kanuni za njia, ipite kwenye ukuta wa ulinzi, ipange foleni, ikabidhiwe kwa draiva. Prosesa inamaliza nguvu kufungasha vifurushi, na kazi yenyewe uliyoinunulia kompyuta haijaanza.

Hamali wa wakala wa mizigo

Sote tuliopo huku tunawajua mawakala wa mizigo. Unataka kupeleka vitu nyumbani: blanketi, tende, halwa, nguo za watoto. Zamani ungekaa sebuleni na gundi, ukate rundo lako maboksi 45, kila boksi uandike jina la bibi, mtaa, namba ya simu, "la 1 katika 45", "la 2 katika 45", ulipime, ulibebe mpaka mlangoni, urudi kuchukua jingine. Safari 45 za kupanda na kushuka ngazi.

Sasa fikiri kwamba wakala ana hamali wa kufungasha pale mlangoni. Wewe unashusha rundo zima mara moja, unampa karatasi moja yenye anwani, na unamwambia boksi moja lisizidi uzito fulani. Yeye anakata, ananakili anwani ile ile kwenye kila boksi, anabadilisha namba ya mfuatano, anapima na kuandika uzito, anapiga muhuri. Akishamaliza anakusahau. Hajui bibi ni nani wala halwa ni ya nani, na wala haimhusu.

Hiyo ndiyo TSO kwa ukamilifu wake. Mfumo endeshi unaikabidhi kadi ya mtandao rundo moja la data ya TCP. Kiasi chake kina mpaka, maana sehemu ya kuandikia urefu kwenye pakiti ya IP ina biti 16, na namba kubwa inayoingia humo ni 65,535. Katika baiti 1500 za pakiti, anwani za IP na TCP na muhuri wa saa hula 52, zinabaki 1448 za data. Zidisha 1448 kwa 45 upate 65,160: ndiyo maboksi yetu 45. Kadi inakata, inanakili anwani, inasahihisha namba za mfuatano na urefu, inapiga hesabu ya kuhakiki ya kila kipande, na alama ya kufunga mazungumzo inaiweka kwenye kipande cha mwisho tu. Kwa waya wa bilioni 10, safari za prosesa zinashuka kutoka 812,000 mpaka kama 18,000 kwa sekunde.

Windows 2000 ilikuwa na kitu hichi tayari. Linux ikakipata mwaka 2002 kwenye matoleo ya majaribio ya 2.5, na watu wa kawaida wakakiona kwenye 2.6 iliyotoka Disemba 2003. Halafu mwaka 2006, kwenye toleo la 2.6.18, Herbert Xu akaingiza jambo ambalo mie nnaliona ni busara kubwa kuliko kadi yenyewe. Alisema kwa vitendo: hata kama kadi haijui kukata, wacha rundo lipite ukumbi mzima likiwa rundo, likatwe na programu pale mlangoni kabisa, hatua moja kabla ya draiva. Inaitwa GSO. Nguvu nyingi ilikuwa inapotea kwenye kupanda na kushuka ngazi mara 45, na safari hizo zinapungua hata kama anayekata mlangoni ni prosesa ile ile. Shikeni jambo hili, nitalirudia.

Kosa langu

Baada ya waya na swichi kushindwa, nilikwenda kumuuliza mhandisi mmoja wa maabara, mama wa Kiomani mtu mzima aliyekulia Unguja, ambaye akituona sie wa Afrika hutusemesha Kiswahili cha Mjini mpaka tunacheka. Nikamwonyesha ile faili. Akaangalia kama dakika moja, akavua miwani.

"Mwanangu, hii umeirekodi wapi?"

"Kwenye kompyuta yenyewe inayotuma, Bi."

"Basi umempiga picha mtu na rundo lake kabla hajafika kwa hamali. Unashangaa maboksi hayana muhuri? Muhuri unapigwa mlangoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. tcpdump inasoma pakiti kabla hazijaingia kwenye kadi. Pakiti ya baiti 64,000 pale ni rundo linalosubiri kukatwa, na hesabu ya kuhakiki "mbovu" ni hesabu ambayo bado haijapigwa, kwa kuwa kadi ndiyo itakayoipiga. Nilichokiita ugonjwa kilikuwa hali ya kawaida ya mashine nzima. Ugonjwa wenyewe nilipewa bure nikaukataa: simu inatuma, kompyuta haitumi, kwa hiyo intaneti ni nzima. Vidogo vinapita, vikubwa havipiti. Kupokea sawa, kutuma hakuna. Vyote vitatu vinaelekeza kidole kwa yule anayekata vikubwa wakati wa kutuma.

Usiku ule nikampigia kaka. Nikamwomba aniletee picha ya kumbukumbu za mfumo. Kweli, kila alipojaribu kutuma palikuwa na mstari wa kusema kadi imekwama na imewashwa upya. Kadi ile, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa inalewa kila ikipewa rundo. Nikamsomea amri moja, herufi kwa herufi:

ethtool -K eth0 tso off

Akabonyeza kutuma. Nikasikia kimya, halafu nikasikia, "Inakwenda... inakwenda... yakhe, imekwenda!" Halafu kimya tena. "Hivyo tu?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, hivyo tu. Shilingi 85,000, barua ya onyo na mwezi mzima wa fedheha, dawa yake ilikuwa maneno manne na herufi moja yenye kistari.

Faili zilifika ndani ya muda. Lakini barua ya onyo bado ipo kwenye jalada lake. Mwalimu mkuu alisema hawezi kuandika barua nyingine ya kueleza kwamba "kadi ilikuwa inakata vibaya", maana mwenyewe haelewi maana yake. Na hapo, ndugu zangu, ndipo hoja yangu inapoanza.

Zima zote? Hapana

Niliposimulia kisa hiki maskani, yakatokea makundi mawili. Mwenzetu mmoja wa Kampala akasema yeye kila akifunga seva huzima vyote: TSO, GSO, GRO, hesabu za kuhakiki, kila kitu. "Prosesa ya kwangu, kazi ifanywe na prosesa." Mwingine wa Nairobi akasema huo ni ushamba. Kadi umeilipia, iache ifanye kazi, ikiharibika nunua nyingine.

Mie nnawaona wote wawili wamekosea, na nitasema kwa nini.

Wa Kampala amesahau hesabu. Kwenye skuli ya kaka, yenye intaneti ndogo, kuzima TSO hakukugharimu kitu. Kwa mwendo wa milioni 10 ni pakiti 812 kwa sekunde, hata kompyuta kuukuu inazimudu usingizini, na GSO inaendelea kusaidia kwenye programu. Lakini peleka tabia hiyo hiyo kwenye kituo cha data chenye waya wa bilioni 10 uone prosesa zinavyotoa jasho. Isitoshe, ukizima GSO umemrudisha mtu kwenye ngazi zile 45 hata pale ambapo kadi haihusiki kabisa. Mashine pepe mbili ndani ya seva moja zikizungumza, rundo linaweza kutoka huku likaingia kule bila kukatwa hata mara moja, maana hakuna waya wa kupita. Ukizima, unakata na kuunganisha bure. Na wenzetu wa Linux wanazidi kwenda mbele: tangu toleo la 5.19 la mwaka 2022 rundo la IPv6 linaruhusiwa kuvuka ule mpaka wa 64K. Kuzima kila kitu kwa hofu ni kama kuacha kupanda gari kwa kuwa siku moja tairi lilipasuka.

Wa Nairobi naye amesahau mipaka ya hamali. Kuna wakati makampuni ya kadi yalitaka zaidi ya kukata. Yalitaka TCP yote ihamie ndani ya kadi: kufungua mazungumzo, kukumbuka kipi kimefika na kipi kimepotea, kutuma tena, kupunguza mwendo njia ikijaa. Ni sawa na kumwambia hamali achukue na kitabu chako cha simu, na funguo za nyumba, na azungumze na bibi kwa niaba yako. Mwaka 2003 Jeffrey Mogul wa HP aliandika kwamba wazo hilo kwa miaka mingi lilikuwa la kipumbavu, ingawa aliona huenda wakati wake umefika kwa kazi za uhifadhi wa data. Wakuu wa mtandao kwenye Linux walilikataa lilipoletwa mwaka 2005. Microsoft walilijaribu kwenye Windows kwa jina la Chimney, na baadaye wenyewe wakaliweka kando.

Sababu za kukataa zinatuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Programu iliyofungiwa ndani ya kadi huwezi kuisoma. Likigunduliwa tundu la usalama kwenye TCP ya Linux, linazibwa na unapakua marekebisho usiku huo huo. Likiwa ndani ya kadi, unamsubiri mtengenezaji, na kama kadi yako ni ya miaka 12 iliyokuja kwa msaada, utamsubiri mpaka kiama. Ukuta wako wa ulinzi hauyaoni mazungumzo tena. Foleni zako hazina kauli. Lakini hamali anayekata tu hana la kukumbuka. Akilewa, unamsimamisha kwa amri moja na mazungumzo yanaendelea. Kaka yangu aliokoka kwa sababu hiyo: kadi yake ilipewa mzigo, haikupewa funguo. Angekuwa na kadi iliyomeza TCP yote, nisingekuwa na cha kumsomea kwenye simu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Mpe hamali kazi yoyote ambayo unaweza kuikagua, na ambayo ukimnyang'anya leo utaifanya mwenyewe kesho bila nyumba kusimama. Kinachobeba siri na uamuzi, kibaki ndani. Wahenga walisema mtumai cha ndugu hufa masikini. Walisema pia kidole kimoja hakivunji chawa. Watu huzichukua methali hizi kama zinapingana. Mie nnaona zinafanya kazi pamoja: shirikiana, lakini ujue kula yako inatoka wapi.

Njia nyembamba za kwetu

Kuna jambo jingine ambalo vitabu tunavyosomea huku havilisemi kwa uzito, kwa kuwa vimeandikwa na watu wa njia pana. Intaneti nyingi ya kwetu bado ni nyembamba. Chukua skuli au zahanati yenye mwendo wa milioni 2 kwa sekunde wa kutuma, na kompyuta moja ya Linux imewekwa kuwa ruta na mgawaji wa foleni. Ruta hiyo inapopokea, kuna kitu kinaitwa GRO, kilichoingia Linux mwaka 2009, kinachozikusanya pakiti ndogo na kuzifanya rundo, ili nazo zipande ngazi mara moja. Vizuri. Lakini rundo la 64K likiruhusiwa kutoka kama kitu kimoja kwenye njia ya milioni 2, linaiziba kwa zaidi ya robo ya sekunde. Simu ya sauti hutuma kipande kila milisekunde 20. Maana yake vipande kama 13 vya sauti ya daktari vinasimama vikisubiri picha ya mtu ipite. Halafu tunalaumu mkonga.

Hili nalo lina dawa. Linux imejifunza tangu 2013 kupunguza ukubwa wa rundo pale TCP inapotuma polepole. Na mgawaji wa foleni anayeitwa CAKE, aliyeingia toleo la 4.19 mwaka 2018, hulipasua rundo tena kabla ya kulitoa, ili sauti ipenye katikati. Lakini mtu ambaye hajui kwamba rundo lipo, atajuaje kulipasua? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyeandika mpangilio wa kiwandani alikuwa na njia pana, mzigo wetu kwake ulikuwa mwepesi.

Tufanye nini

Wengine mtasema mie nakuza jambo, kadi moja mbovu kwenye skuli moja. Sawa. Lakini jiulizeni ni mara ngapi mtu wa chini amebebeshwa lawama ya mashine kwa kuwa hapana aliyekuwa na lugha ya kumtetea. Karani aliyeambiwa hajatuma ripoti. Muuguzi aliyeambiwa hajaingiza takwimu. Mtandao ukikwama, kosa huteremka ngazi mpaka limkute asiyeweza kulirudisha juu. Sie tuliopata bahati ya kusoma, na wengi wetu kwa fedha za serikali au za wafadhili, tuna deni hapo. Mie nilikuwa na elimu ya kutosha kutoa hukumu, sikuwa na elimu ya kutosha kunyamaza kwanza.

Napendekeza mambo matatu, mkiyaona mabaya nipingeni toleo lijalo.

La kwanza, kila mwenzetu anayesoma kompyuta au uhandisi, siku moja akae maabara azime na awashe TSO kwa mkono wake, atume faili kubwa, apime prosesa inatumika kiasi gani, arekodi pakiti kwenye kompyuta inayotuma na kwenye inayopokea, alinganishe. Kazi ya saa mbili. Ukiona kwa macho rundo likitoka upande mmoja na vipande 45 vikifika upande wa pili, hutosahau, na hutomnunulisha mtu swichi bure.

La pili, chama chetu kitengeneze ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, wa kubandika ukutani kwenye vyumba vya kompyuta huko nyumbani: mtandao ukikwama, uliza maswali haya kwa mpangilio huu. Je, kifaa kingine kwenye intaneti hiyo hiyo kinatuma? Je, kidogo kinapita na kikubwa hakipiti? Je, kupokea kuzima na kutuma kugonjwa? Kabla ya kununua kitu, zima TSO, jaribu. Mie niko tayari kuandika rasimu, na wa Kampala na wa Nairobi waisahihishe, hata kama watagombana.

La tatu, na hili ni gumu zaidi: tukienda likizo, tuandike. Ukimtengenezea mtu mashine, mwachie na barua yenye sahihi yako inayoeleza nini kilikuwa kibovu na kwamba hakikuwa kosa lake. Nimemwandikia kaka ya kwake, kurasa mbili, kwa Kiswahili, na mchoro wa maboksi na hamali. Ameipeleka kwa mwalimu mkuu ibandikwe pamoja na ile ya onyo. Jibu bado hatujapata. Zile 85,000 nimeshamrudishia, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Naomba kuwasilisha.